Wasomaji Wauliza: Chumvi ya Wageni Ishirini, Chapati za Mwalimu na Nyama ya Krismasi

Barua nyingi zilizotufikia kuelekea Desemba zimetoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, ambako shule zikishafungwa na mabasi ya kutoka Nairobi yakianza kujaa, kazi ya jikoni huongezeka maradufu. Nimechagua tano zinazohusu mapishi na ulaji wa sikukuu. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Mimi ni mama wa nyumbani katika mtaa wa Nyalenda, Kisumu. Krismasi hii nitapokea wageni wapatao ishirini, na miongoni mwao yumo mama mkwe wangu ambaye ana shinikizo la damu na hutumia dawa kila siku. Mwaka jana nilimpikia chakula chake kando, bila chumvi kabisa, akaona ametengwa na hakukila. Nifanyeje ili ale pamoja nasi bila kudhurika?

JIBU: Mama, si ajabu kwamba mama mkwe alikataa sahani ile. Mtu mzima aliyezoea kula akizungukwa na wajukuu wake hawezi kufurahia chakula kinacholetwa peke yake, kimefunikwa, huku wengine wakimtazama. Isitoshe, hakukuwa na haja ya sufuria mbili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai, na pendekezo hilo linamhusu kila mtu mzima atakayeketi mezani pako, awe na presha au asiwe nayo. Kwa hiyo sufuria ya wote na ipikwe kwa kipimo kinachomfaa mama mkwe, na hakuna atakayekuwa amedhulumiwa.

Fanya hesabu asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Ukikadiria kwamba mlo wa mchana ndio mkubwa na kuutengea nusu ya chumvi ya siku, kila mtu mzima ana nusu kijiko cha chai, na wageni ishirini wana vijiko kumi visivyofurika kwa vyakula vyote vya mlo huo: samaki, kuku, mboga, wali na mchuzi. Kama watoto ni wengi, kipimo kipungue zaidi. Mimina chumvi hiyo katika bakuli moja, rudisha pakiti kabatini, kisha kila anayekuja kukusaidia achote humo humo tu. Nasisitiza bakuli kwa sababu nazijua jikoni za sikukuu: wifi anaonja anaongeza, binamu anapita anaongeza, na mwenye nyumba akirudi kutoka kuwapokea wageni anaongeza tena akidhani sufuria imesahauliwa.

Kutoka katika vijiko hivyo kumi, punguza pia chumvi iliyojificha. Vile vipande na unga wa kukoleza mchuzi vinavyouzwa madukani huwa na chumvi nyingi mno, mara nyingi karibu nusu ya uzito wake au zaidi, na mpishi anayevitumia halafu akatia chumvi ya kawaida ameitia mara mbili. Samaki wa kukaanga unayemnunua akiwa tayari sokoni Kibuye kwa kawaida alishapakwa chumvi kabla ya kuingia kwenye mafuta, kwa hiyo ukimchemsha tena kwa nyanya na kitunguu, usimwongezee nyingine.

Halafu kuna magadi. Mrenda na kunde hutiwa magadi ili zilainike upesi na zibaki na rangi yake ya kijani, lakini magadi ni sodiamu, na sodiamu ndiyo hiyo hiyo inayopandisha shinikizo la damu hata pale ambapo ulimi hausikii ladha ya chumvi. Zaidi ya hayo, magadi huharibu vitamini C na vitamini B1 zilizomo katika mboga, na hivyo mtu hubaki na mboga laini yenye manufaa pungufu. Wanaotumia maji ya majivu yaliyochujwa, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za Waluhya, kwa kawaida hupata potasiamu zaidi kuliko sodiamu. Hilo lina nafuu kwa mwenye presha, ila kwa mgonjwa wa figo potasiamu ya ziada inaweza kuwa hatari. Mchanganye mrenda na kunde changa, zichemshe kwa maji kidogo, na utaona kwamba hazihitaji magadi hata kidogo.

Ladha itatoka wapi? Itatoka kwenye muda, ambao kwa kweli ndio kiungo kinachokosekana zaidi siku ya Krismasi. Kitunguu kikaangwe polepole mpaka kibadilike rangi, nyanya ziive mpaka ziwe rojo zito, tangawizi na kitunguu saumu vitwangwe siku hiyo hiyo, dania iwekwe sufuria ikiwa inaepuliwa, na vipande vya limau viwekwe mezani mahali ambapo kikopo cha chumvi kilizoea kukaa. Ukali wa limau huufanya ulimi uridhike na chumvi kidogo. Kachumbari nayo isitiwe chumvi. Nyanya na limau vinatosha. Jambo la mwisho ni dawa: mama mkwe asiache kuzimeza siku za safari na sherehe kwa kudhani kwamba chakula kimepunguzwa chumvi, maana kazi ya dawa haifanywi na sufuria.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Vihiga. Nina kisukari na natumia vidonge. Watoto wangu wakija nyumbani hupika kuku, chapati na ugali wa mtama, nao huniambia kwamba mtama na unga usiokobolewa havina sukari, kwa hiyo nile nishibe. Huleta soda pia, na wazee wenzangu huniita kwenye busaa. Naomba mwongozo, ila tafadhali usinikataze kila kitu.

JIBU: Mwalimu, sitakukataza kila kitu, kwa kuwa katazo la jumla huvunjwa tarehe 25 saa saba mchana na baada ya hapo mtu hula kana kwamba hakuna tena kanuni yoyote. Nitaanza na mtama, kwa sababu wanao wamekuambia nusu ya ukweli. Mtama, wimbi na mahindi yasiyokobolewa vina nyuzinyuzi zaidi kuliko unga mweupe, na nyuzinyuzi hupunguza kasi ya wanga kugeuka sukari mwilini. Hata hivyo wanga wenyewe bado umo. Ugali wa mtama uliojaa sahani utapandisha sukari ya damu kuliko ugali mweupe wa ukubwa wa ngumi, na hapo ndipo wagonjwa wengi hukwama: hubadilisha rangi ya ugali na kuuacha ukubwa wake kama ulivyokuwa.

Igawe sahani yako kwa macho. Nusu yake iwe mboga, na kwa bahati nzuri mtu wa Vihiga hakosi mboga: likhubi, mrenda, saga, managu, terere, mitoo, majani ya malenge. Robo iwe kuku, samaki, nyama au maharagwe. Robo inayobaki ndiyo ya wanga, na wanga uwe wa aina moja tu. Ukitaka chapati, ugali utaukuta kesho. Ukitaka ugali, basi chapati wale wajukuu. Viazi, ndizi za kupika, nduma na wali vyote ni vya robo hiyo hiyo. Kosa la sikukuu, kwa jinsi ninavyoliona, si chapati yenyewe. Ni chapati iliyoandamana na wali, viazi vilivyo ndani ya mchuzi na ugali uliowekwa “kwa sababu bila ugali hatujala”. Anza kula mboga na kuku, wanga uufikie baadaye, kwa kuwa utaratibu huo husaidia sukari ya damu isipande kwa ghafla. Mkimaliza kula, waombe wajukuu mkatembee pamoja dakika kumi na tano hadi kwa jirani na kurudi. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu.

Kuhusu chapati ningependa wanao wajue jambo moja zaidi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kilokalori 120, na chapati inayokandwa kwa mafuta, ikapakwa mafuta inapokunjwa, kisha ikakaangwa kwa mafuta, huweza kubeba nishati ya mlo mzima mdogo. Inawezekana kukanda kwa maji ya uvuguvugu, kuuacha unga upumzike nusu saa ili uwe laini wenyewe, na kupaka mafuta kidogo kwa brashi au kwa kitambaa safi upande mmoja tu. Wakichanganya unga wa ngano usiokobolewa na ule mweupe nusu kwa nusu, chapati hukunjika vizuri na haikauki. Tena mafuta ya majimaji ni bora kuliko ya kuganda, ambayo huwa na mafuta mengi ya aina inayoudhuru moyo.

Soda haina mjadala mrefu. Nyingi zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 300 ina kama gramu 30, yaani vijiko vya chai zaidi ya saba. Hakuna anayetia vijiko saba katika kikombe kimoja cha chai na kukuletea mbele ya watu. Juisi ya maembe iliyotengenezwa nyumbani nayo si mbadala, maana glasi moja hubeba sukari ya maembe kadhaa bila nyuzinyuzi zake. Kula vipande vichache vya embe lenyewe. Soda ninayokuruhusu ni ile ya dharura: ukianza kutetemeka, kutokwa na jasho jembamba na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka, na hapo soda ya kawaida au maji ya sukari yanaokoa.

Hatari hiyo ya kushuka ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu na busaa. Pombe huzuia ini kutoa sukari, na baadhi ya vidonge vya kisukari, hasa glibenklamidi na vya jamii yake, pamoja na insulini, vyenyewe hushusha sukari. Vikikutana tumboni patupu, mzee anaweza kuzirai na walio karibu wakadhani amelewa tu. Muulize daktari wako kuhusu dawa unayotumia. Ukinywa, kunywa kidogo, baada ya kula, na awepo mtu anayejua kwamba una kisukari. Heshima ya mzee haipungui kwa hilo. Imondo ya kuku, yaani firigisi anayotengewa mzee, bado ni yako, nayo ni nyama isiyo na mafuta mengi, kwa hiyo hapo mila na lishe vimekubaliana.

SWALI: Sisi ni kikundi cha marafiki hapa Nakuru, na kila Desemba huchanga pesa, tukanunua ng'ombe au mbuzi, tukamchinja nyumbani na kugawana nyama. Mwaka huu tumeahidiwa fahali kwa bei ya chini sana. Pia kuna ubishi: wengine wanasema nyama choma ni salama kuliko ya kukaanga kwa sababu mafuta hudondoka. Ukweli ni upi?

JIBU: Ndugu zangu, nianze na fahali, kwa sababu ubishi wa choma unaweza kusubiri. Mnyama anayeuzwa kwa bei ya kutupa huwa na sababu. Mwiteni afisa wa mifugo amkague akiwa hai, kisha mkaguzi wa nyama aione nyama baada ya kuchinjwa. Gharama yake mkigawana haifiki hata bei ya kilo chache. Ugonjwa wa kimeta upo Nakuru, na mwaka 2015 uliua nyati katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, eneo ambalo linapakana na makazi na mashamba ya watu. Mbegu za vijidudu vya kimeta hustahimili moto wa kawaida wa jikoni, na anayemchuna mnyama anaweza kuambukizwa kupitia ngozi hata kabla nyama haijapikwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe, au anayetokwa na damu isiyoganda puani na kwingineko, asipasuliwe wala asiliwe. Mpigieni simu afisa wa mifugo mara moja.

Sasa choma. Ni kweli kwamba mafuta kiasi hudondoka, na kwa hilo choma inaishinda nyama iliyoelea kwenye karai. Lakini mafuta hayo yanapoanguka juu ya makaa hutoa moshi wenye kemikali zinazoweza kuchangia saratani, na moshi huo hurudi kuishikilia nyama. Sehemu zilizoungua zikawa nyeusi nazo huwa na kemikali za namna hiyo. Choma nzuri huanza na makaa yaliyokwisha kuwa na jivu, bila ndimi za moto, nyama ikiwa juu kidogo na kugeuzwa mara kwa mara. Mkiilaza kwanza kwenye limau, kitunguu saumu na tangawizi, kemikali hizo hupungua na nyama hulainika. Palipoungua pakatwe patupwe, ingawa najua wapo wanaopapenda.

Kiasi ndicho kigumu. World Cancer Research Fund, shirika la kimataifa la kuzuia saratani, hupendekeza kwamba nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500, ikiwa imeshapikwa, kwa wiki nzima, na katika meza nyingi za choma kiasi hicho huisha alasiri moja. Sitawadanganya kwamba mtapima. Agizeni kachumbari na managu zije pamoja na nyama badala ya kuja baada yake, na wiki inayofuata iwe ya maharagwe, ndengu na omena. Soseji na smokie ziacheni kabisa nje ya mpango, maana mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliainisha nyama za viwandani za aina hiyo kuwa zinasababisha saratani kwa binadamu, na nchi yenye mbuzi wa Nakuru haina sababu ya kusherehekea kwa smokie.

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano, niko Bungoma, na kliniki wameniambia damu yangu ni kidogo. Sikukuu hii ninakwenda kwa wazazi wangu ambako chai ya maziwa hunywewa na kila mlo. Nile nini?

JIBU: Dada, endelea na vidonge vya madini ya chuma na foliki ulivyopewa kliniki, chakula husaidia lakini hakichukui nafasi yake. Kula nyama, kuku au samaki kila inapowezekana, na managu, saga au terere zilizopikwa kwa nyanya au kuliwa pamoja na chungwa, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kunyonya chuma cha mboga na maharagwe. Chai huzuia chuma hicho, kwa hiyo mwambie mama akutilie baada ya saa moja au mbili, wala si katikati ya ugali. Maini yana chuma kingi, lakini pia yana vitamini A nyingi ambayo ikizidi humdhuru mtoto aliye tumboni; usiyageuze kuwa chakula cha kila siku, hata wakikutengea kwa upendo. Na kama umeanza kutamani odowa au udongo wa aina nyingine, mwambie muuguzi bila aibu. Tamaa hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huzidi kuuzuia mwili kupata chuma.

SWALI: Ninafanya kazi Nairobi na familia yangu husafiri kwa basi la usiku hadi Kakamega. Mke wangu hupika pilau na kuku wa njiani. Tukifika, nyumbani hakuna friji, na chakula cha Krismasi huliwa hadi siku ya tatu. Mwaka jana watoto waliharisha. Je, kuna njia salama?

JIBU: Baba, chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na safari yenu ni ya usiku mzima. Pilau ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuliko kuku. Mchele huwa na mbegu za bakteria ambazo hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu ndani ya kontena lililofungwa, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu ambayo hata ukipashwa moto upya haiondoki. Kuleni pilau nyumbani kabla ya kuondoka. Njiani bebeni chapati kavu, mkate, njugu karanga, ndizi, machungwa na maji ya kutosha. Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, hasa basi likiwa linayumba, kwani anaweza kupaliwa.

Mkifika, badilisheni utaratibu wa kupika badala ya kutafuta hila ya kuhifadhi. Kuku watatu wa kienyeji wasichinjwe wote tarehe 24. Anayetembea uani hahitaji friji. Pikeni kila siku kiasi kinacholiwa siku hiyo, na wageni wakiongezeka, ongezeni mboga na ugali, vitu ambavyo huiva kwa muda mfupi. Nyama ya ng'ombe iliyobaki mbichi inaweza kukatwa vipande vyembamba siku hiyo hiyo, ikatiwa chumvi na kukaushwa juani na juu ya moshi, kama Waluo wanavyotengeneza aliya, mradi nzi wazuiliwe. Kabla ya kuipika ilowekwe na maji yamwagwe ili chumvi ipungue. Mchuzi uliobaki mnaotaka kuurudia kabla ya zile saa mbili kupita uchemshwe mpaka utokote kabisa, usipashwe nusunusu, na ukishapashwa mara moja usirudishwe tena kabatini.

Mtoto akiharisha hata baada ya tahadhari hizi, mpeni maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka kituo cha afya pamoja na vidonge vya zinki, aendelee kula na kunyonya, na akionyesha macho yaliyodidimia, kushindwa kunywa au damu kwenye choo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Krismasi.